Kituo cha kulelea watoto karibu na soko, Nzuguni, Dodoma: tuanzie ofisi gani na ada iwe kiasi gani?

Kikundi_Nzuguni:

Habari zenu wanajamvi.

Sisi ni kikundi cha wanawake, wengi tunauza mboga, mitumba na chakula kuzunguka Soko la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi. Watoto wa umri wa kwenda shule si shida sana. Shida ni hawa wa mwaka mmoja hadi minne: ama wanashinda sokoni juani chini ya meza, ama wanaachiwa dada wa miaka 12 ambaye naye alipaswa kuwa darasani. Tumepata nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na uwanja, mwenye nyumba anataka laki tatu kwa mwezi. Tunataka kuanza na watoto 30.

Tunaomba msaada kwenye haya:
1. Kibali kinatoka Elimu au Ustawi? Kila tunayemuuliza anatuelekeza kwake kwake.
2. Shule ya msingi ya serikali haiwezi kuwachukua hawa wa miaka mitatu na minne? Si elimu ni bila ada?
3. Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani unafaa kwa kazi hii?
4. Ada ipi mama wa genge ataiweza na kituo kisife?

Msitupe majibu ya "inawezekana tu, mtangulizeni Mungu". Hilo tumeshalifanya.

---

UstawiKwanza:

Dada, hiyo ya mwisho nimeipenda.

Namba moja. Kinachoamua ofisi ni umri na kile mnachokifanya ndani, si jina la kwenye kibao. Kulea watoto ambao hawajafika umri wa darasa la awali ni shughuli ya Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Sheria hiyo ndiyo iliyofuta ile ya zamani ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana ya 1981, na mamlaka ya usajili inayotajwa ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Ninyi hamwendi kwa Kamishna. Mnaanza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kupata barua ya utambulisho, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huyo ndiye atakayekuja kukagua na kuyapeleka maombi mbele.

Darasa la awali ni habari nyingine. Hiyo ni shule, inasajiliwa upande wa Wizara ya Elimu na inakaguliwa na wathibiti ubora wa shule. Hapa ndipo vikundi vingi vinapojikwaa: wanapata kibali cha kulea, halafu kwa kutaka kuvutia wazazi wanaandika kibao cha "Nursery" na "English Medium", wananunua sare na wanawapa watoto wa miaka mitatu madaftari ya kuandika herufi. Siku akipita mthibiti ubora mnakuwa shule bubu, na barua ya Ustawi haitawaokoa. Andikeni "Kituo cha Kulelea Watoto Wadogo Mchana" na mfanye hicho tu.

Kabla ya kumwita afisa, mkusanye haya kwenye faili moja: katiba na cheti cha kikundi (kama mmesajiliwa halmashauri), muhtasari wa kikao kilichoamua kuanzisha kituo, mkataba wa pango wenye muda unaoeleweka, vyeti na vitambulisho vya NIDA vya walezi, vyeti vya kupimwa afya vya walezi na mpishi, ratiba ya siku, orodha ya chakula cha wiki, na taarifa ya afisa afya kuhusu jengo. Zimamoto nao waoneni mapema, kwa sababu wakidai mlango wa pili baada ya kuwa mmeshapaka rangi na kuweka nondo madirishani, gharama inarudi upya.

Nyumba za kupanga zinakwamia kwenye vyoo mara nyingi kuliko kwenye kitu kingine. Choo cha nyumba ya familia kina tundu la mtu mzima. Mtoto wa miaka miwili anaogopa kulichuchumalia, na ana haki ya kuogopa. Jengeeni tundu la watoto lisilozidi sentimita 15 upana, sakafu ya saruji laini inayosafishika, mlango usio na komeo la ndani. Kwa wadogo zaidi nunueni poti, zisizopungua sita kwa kundi la watoto 30, kila moja ioshwe kwa sabuni kabla hajakaa mwingine. Jikoni kuwe na kizuizi mlangoni ambacho mtoto hawezi kukisukuma. Uzio ni lazima, na geti lifungukie ndani, maana hapo Nzuguni malori na bodaboda haviishi.

Kuhusu dari, watu hudhani ni urembo. Chini ya bati tupu mwezi wa Oktoba na Novemba watoto hawalali mchana. Wanajaa jasho na kulia, na walezi wanawatoa nje kwenye vumbi. Wekeni dari kwenye chumba cha kulala angalau.

---

Mwl_wa_Awali:

Najibu namba mbili.

Elimu bila malipo kuanzia awali hadi kidato cha nne ilitokana na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ukaanza kutumika Januari 2016. Lakini awali inayozungumzwa ni ya mwaka mmoja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ile iliyozinduliwa hapa Dodoma Februari 2025, imebaki hapo hapo: awali mwaka mmoja, kisha msingi miaka sita. Mtoto wa awali ni wa miaka mitano. Wa mitatu hana nafasi kisera, na mwalimu mkuu akimpokea anamwongezea mzigo mwalimu ambaye kiwango chake ni watoto 25 tu, na darasani tayari anao mara mbili au tatu ya hao.

Wazazi wanawaleta hivyo hivyo, wengine wakimwongezea mtoto umri. Matokeo yake anakaa awali miaka miwili, anachoka kabla hajafika la kwanza, na wale wenye miaka mitano kweli wanakosa mwalimu.

La pili ambalo kikundi kinapaswa kulijua: hata yule wa miaka mitano anaachiwa kabla ya adhuhuri. Chakula kikipikwa shuleni kinatokana na michango ya wazazi, kwa hiyo shule hii wanakula, ile ya jirani hawali. Mama anayefunga genge jioni bado ana pengo la nusu siku. Kituo chenu kitaombwa kupokea watoto wa awali kuanzia mchana, mkatae au mkubali, ila amueni mapema na wawekeni kwenye hesabu. Mtoto wa nusu siku naye anakula na anahitaji mtu wa kumfuata shuleni.

---

Hesabu_Mezani:

Niende kwenye pesa moja kwa moja. Hizi ni namba za mfano, badilisheni kulingana na mlivyo. Watoto 30, siku 22 kwa mwezi.

Walezi 3 × 300,000 = 900,000
Mpishi 250,000
NSSF ya mwajiri (asilimia 10 ya mishahara) 115,000
Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF (asilimia 0.5) 5,750
Pango 300,000
Chakula 700 × 30 × 22 = 462,000
Maji, umeme, gesi, sabuni 150,000
Matengenezo, mikeka, vifaa vya kuchezea 60,000
Jumla 2,242,750

Gawa kwa 30 unapata 74,758 kwa mtoto kwa mwezi. Tozo ya ujuzi, SDL, haiwahusu kwa sababu inaanzia wafanyakazi 10.

Sasa ondoeni dhana ya kwamba watoto 30 wote watalipa. Wakilipa 24, hata mkipunguza chakula kulingana na idadi, gharama ni 2,150,350, na kila mmoja anabeba 89,598. Ndiyo maana vituo vya namna hii hufa mwezi wa tatu au wa nne: ada ilipangwa kwa idadi ya walioandikishwa badala ya wanaolipa.

Tazameni pia nini kinaibeba ile jumla. Mishahara na michango yake ni 1,270,750, zaidi ya nusu. Mkipewa jengo bure na halmashauri, mnafuta laki tatu tu, ada inashuka hadi 64,758. Mtu akilipa walezi na mpishi, ada inashuka hadi 32,400. Kila kiongozi anapenda kukata utepe wa jengo, lakini jengo si sehemu ghali ya kituo.

Na mkopo. Ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) hauna riba, na kikundi cha wanawake kinaweza kuwa na watu watano. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, na Jiji la Dodoma lilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizotajwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki, kwa hiyo muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata dirisha ni lipi sasa. Lakini bila riba si sawa na bila mzigo. Milioni 10 kwa miezi 24 ni 416,667 kila mwezi, yaani 13,889 juu ya kila mtoto. Chukueni kidogo, kwa vitu vinavyodumu: tenki, uzio, vyoo, magodoro. Mkilipia pango na mishahara kwa mkopo mmekwisha.

---

Zamu_na_Haki:

Mkuu Hesabu, mpangilio wako mzuri ila umeandika kama ofisi ya serikali kule Mtumba inayofungwa Ijumaa. Soko haliko hivyo.

Mama wa mboga anataka kumwacha mtoto saa 12 na nusu asubuhi na kumchukua saa 11 na nusu jioni. Hizo ni saa 11 kwa siku, na Jumamosi anauza. Siku sita ni saa 66 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Walezi watatu wana saa 135 kwa wiki. Gawa kwa 66: kwa wastani wapo wawili tu. Watoto 30 kwa walezi wawili, wakiwemo wa mwaka mmoja, hiyo si malezi, ni kuchunga.

Waongezeni hadi wanne, muwapange kwa kupishana: mmoja anaingia saa 12 na nusu, wawili saa 2 na nusu, wa mwisho saa 3 na nusu, na kila mmoja apate mapumziko ya saa moja kwa zamu. Wingi uwepo kati ya saa 3 na nusu na saa 9 alasiri, kwenye uji, chakula cha mchana, choo na kulala. Mmoja mmoja apate siku ya kupumzika katikati ya wiki, vinginevyo Jumamosi mtalipa saa za ziada kwa mara moja na nusu.

Mlezi wa nne na michango yake ni 331,500. Chakula kwa siku 26 kinaongeza 84,000. Jumla inakuwa 2,658,250, sawa na 88,608 kwa mtoto kama wote 30 wanalipa. Hiyo ndiyo bei halisi ya saa za soko.

Kuna anayesema "basi tuwalipe walezi 100,000, si ni kina mama wa hapa hapa". Kima cha chini kipo kisheria, na hata kisingekuwepo, mlezi wa laki moja anaondoka akipata genge. Mtoto wa miaka miwili akibadilishiwa mlezi kila baada ya miezi miwili analia upya kama siku ya kwanza, na mzazi anadhani kituo kinamtesa.

---

Kikundi_Nzuguni:

Asanteni sana, hizi hesabu zimetuamsha. 88,000 kuna wenzetu hawataiweza kabisa. Mnashauri ada kwa siku badala ya mwezi? Na watoto wa chini ya mwaka tuwapokee?

---

Hesabu_Mezani:

Zamu_na_Haki yuko sahihi kuhusu siku sita, tumieni namba yake.

Malipo ya siku yanaendana na mfuko wa sokoni, ila yapangeni hivi: siku 26 kwa 3,500 ni 91,000. Mtoto akikosa siku nne mnapoteza 14,000 huku mshahara ukiwa pale pale. Kwa hiyo fanyeni malipo ya wiki, yatangulie: 20,000 kila Jumatatu asubuhi, na siku asiyokuja hairudishwi isipokuwa ameugua na kadi ya kliniki ipo. Wiki nne ni 80,000. Ile wiki ya tano inayojitokeza miezi minne kwa mwaka ndiyo inayopunguza pengo. Wiki 52 × 20,000 ÷ 12 ni 86,667 kwa mwezi.

Kwa wasioweza, tengeni nafasi nne za nusu ada na mziandike kama gharama yenye mfadhili anayejulikana: hisa ya VICOBA, ushuru mdogo wa kikundi, au umoja wa wafanyabiashara wa soko. Huruma isiyoandikwa kwenye daftari ndiyo inayokula mshahara wa mlezi. Na mchango wa vitu upokeeni kwa mizani: kilo 5 za unga wa mtama zina bei yake ya siku, muikate kwenye ada na kuandika stakabadhi.

---

Lishe_Kanda_ya_Kati:

Chini ya mwaka: kwa ushauri wangu msianze nao. Pateni kwanza mwaka mmoja wa kuendesha kituo. Lakini naelewa kwa nini mnauliza. Mwajiriwa anapata likizo ya uzazi ya siku 84 (100 kwa mapacha), yaani wiki 12, wakati mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa wiki 26. Akirudi kazini sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ila zinamfaa tu kama mtoto yuko karibu. Mama wa genge hana hata hizo siku 84. Kituo kilicho umbali wa kutembea dakika tano kutoka sokoni kinampa nafasi ya kuja kunyonyesha, na hilo pekee lina thamani kuliko maziwa ya kopo mtakayonunua. Siku mkiwapokea, maziwa yaliyokamuliwa yakae kwenye kiboksi chenye barafu. Kwenye joto la kawaida yasizidi saa nne, na chupa ziwe na jina la mtoto.

Sasa uji, maana 700 ya Hesabu inatosha ikitumika vizuri. Kwa watoto 30: unga wa uwele au mtama kilo 1.5, karanga zilizosagwa gramu 300, maji lita 9, sukari isizidi gramu 300. Karanga ziingie mwishoni, dakika kumi kabla ya kuepua. Msinunue ule unga wa "lishe" wenye nafaka saba na dagaa ndani. Hujui kipi kilikuwa kibovu kabla hakijasagwa, na wingi wa aina hauongezi lishe kama mnavyoambiwa.

Sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka na karanga, msiichukulie poa. Mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafariki, na mahindi ndiyo yaliyoonekana kuwa chanzo. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga karanga hakuiondoi. Kinga ni kununua nafaka nzima, kumwaga kwenye ungo mwangani, na kutupa kila punje iliyosinyaa, iliyopasuka, yenye ukungu wa kijani au kijivu, halafu kusaga cha wiki moja tu. Hizo mbovu msiwape kuku pia. Gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mtama na uwele kwa kawaida hupata kidogo kuliko mahindi na karanga, na ni vya hapa hapa.

Mchana: ugali, maharage au choroko, mlenda au mboga ya majani, tunda mara tatu kwa wiki. Mlenda mwingi ugali kidogo, watoto wanaupenda. Mara moja kwa wiki dagaa au yai.

Maji: hesabuni lita 10 kwa mtoto, lita 300 kwa siku pamoja na jiko. Tenki la lita 1,000 ni siku tatu, na mgao wa maji unaweza kuzidi hapo. Wekeni vibuyu chirizi viwili vya kunawia, kimoja chooni na kingine mlangoni pa chumba cha kulia, na kila mtoto anawe uso asubuhi kwa maji na aende na kitaulo chake. Mkoa huu una historia ndefu ya trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, na kitaulo kimoja cha watoto wote ndicho njia rahisi ya kuisambaza.

Kadi ya kliniki iangaliwe siku ya kuandikisha: chanjo ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18, na ya pili ndiyo inayosahauliwa. Juni na Desemba mwombeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii aje kituoni kwa matone ya vitamini A na dawa za minyoo.

---

UstawiKwanza:

Nyongeza mbili kwa kikundi, ya kwanza ya sera.

Tunayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Imeandikwa vizuri: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Ugumu wake upo kwenye fungu. Mwalimu wa awali analipwa na serikali. Mlezi wa mtoto wa miaka mitatu analipwa na mama anayeuza nyanya. Alichoonyesha Hesabu (74,000 dhidi ya 32,000) ndicho cha kupeleka kwenye mkutano wa mtaa, na kipelekwe mapema, wakati mipango ya kata inakusanywa kabla ya bajeti ya halmashauri kupita, maana mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na ombi la Mei halina pa kuingia. Msiombe jengo. Ombeni posho ya walezi wawili na mafunzo yao. Kwa mafunzo, ulizeni pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC. Kwa mkoa huu kuna Munguri kule Kondoa na Chisalu Mpwapwa. Vyuo hivi vimezoea kupokea kina mama vijana wakiwa na watoto wao, na wanajua kituo cha watoto kinaendeshwaje.

Ya pili ni geti. Muwe na daftari la kuingia na kutoka lenye safu tano: jina la mtoto, saa aliyofika, aliyemleta, saa aliyoondoka, aliyemchukua na sahihi yake. Siku ya kuandikisha mzazi ataje watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na picha zao zibandikwe ndani ya daftari. Bodaboda akija na ujumbe wa "mama kanituma", mtoto hatoki mpaka mama apigiwe kwa namba iliyoandikwa kwenye fomu, si ile anayoitaja bodaboda. Asubuhi mlezi amtazame mtoto mwili mzima wakati wa kumpokea, na alama yoyote iandikwe mzazi akiwa bado hapo. Hilo linamlinda mtoto na linamlinda mlezi. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, upande wa nje pia.

---

Kikundi_Nzuguni:

Tumechapa yote haya na kuyapeleka kwenye kikao. Mwenye nyumba amekubali kutoboa mlango wa pili ila anataka mkataba wa miaka miwili. Tusaini kabla ya afisa ustawi kuja, au tusubiri?

---

Zamu_na_Haki:

Msisaini wa miaka miwili kabla ya ukaguzi. Andikeni mkataba wa miezi mitatu wenye kipengele kwamba utageuka wa miaka miwili kwa kodi ile ile iwapo kibali kitatoka, na kwamba mlango, vyoo na uzio mtakaojenga vitakatwa kwenye kodi. Shahidi awe mwenyekiti wa mtaa, na nakala moja iingie kwenye lile faili.